Mke Wangu Anapakia, Mimi Napakua

Mpendwa Bi Ummukulthum,

Naomba msaada wako kabla mgongo wangu haujakatika, na naomba usitaje jina langu, maana huku Neasden tunajuana wote na habari hufika Kingsbury kabla ya basi. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu lugha yetu ya nyumbani, Kikachi, hatuiandiki, na Kigujarati nasoma kwa kufuata na kidole, na hata ningekijua nisingethubutu, maana magazeti yao wanawake husomeana kila Jumapili na mke wangu huwa amekaa mbele. Kiswahili nilisomeshwa Mombasa mpaka darasa la tano, halafu baba akanitoa nikamchanganyie saruji.

Mimi ni fundi mwashi, nilijenga nyumba za watu Jinja miaka kumi na tisa, lakini hapa London waliniuliza cheti nami sina, kwa hiyo mimi ni mbeba matofali, nayapandisha ngazi begani nikawapelekee waashi wengine ambao, Mungu anisamehe, ukuta wao ukiutazama kwa jicho moja unaona umekunywa pombe. Nina miaka arobaini na tisa na goti la kulia limevimba.

Sasa jambo lenyewe ni hili. Mwaka 1972 tulipofukuzwa Uganda tulipanda basi la kwenda uwanja wa ndege, na njiani askari walitusimamisha mara tano, na kwenye kizuizi cha nne askari mmoja akasema mtoto wetu Hansa, alikuwa na miaka miwili, hayumo kwenye karatasi, akamshika mkono akamteremsha chini. Champa, mke wangu, hakulia, alifumba macho akaweka nadhiri kwa Mama Ashapura, ndiye mungu mama wetu sisi watu wa Kachi, kule India, akasema, "Mama, mpitishe mwanangu, baba yake atakuja kwako kwa miguu." Umeona, Bi? Nadhiri yake, miguu yangu. Sikuulizwa. Lakini yule askari alimtazama mtoto, akatutazama sisi, akamrudisha kwenye basi kama mtu aliyechoka kushika mzigo, na leo Hansa ana miaka minane, namsemesha Kikachi ananijibu Kiingereza, basi deni ni deni, nami nataka kulilipa kabla goti halijafa kabisa.

Bosi amenipa wiki nne bila mshahara na naondoka tarehe kumi na nane Septemba. Nitashuka Bombay, nipande treni hadi mpaka wa Kachi, penye daraja la kuingilia, na kuanzia hapo ni kwa miguu mpaka hekaluni, maili mia moja na thelathini na kitu, siku nane au tisa. Daktari amenipima akasema kutembea naweza, lakini mgongoni nisibebe zaidi ya ratili kumi na tano, la sivyo goti litaniangusha katikati ya njia, na ukianguka njiani nadhiri haijatimia, Bi, nusu ya njia si njia.

Nikanunua shanta la turubai, la jeshi, mtumba. Nikaweka shati mbili, suruali moja, taulo, sahani na kikombe cha bati. Nikafurahi. Kesho yake nikalinyanyua nikaona limenenepa. Champa ameongeza blanketi. Nikalitoa nikalirudisha kabatini. Siku ya pili blanketi limerudi na limekuja na mwenzake. Nikayatoa yote mawili, nikakuta jiko la primasi, sufuria, chupa tatu za achari, mfuko wa unga, sweta mbili za sufu, na kule Septemba ni joto la kukaanga pilipili. Nikamwambia, "Champa, nakwenda kwa Mama au nakwenda kufungua hoteli?" Akasema, "Baba Hansa, njiani kuna njaa na kuna baridi." Nikamwambia njiani kuna watu wanaogawa chakula, kila mtu anajua. Akasema, "Wewe unawajua? Umewaona?" Basi mimi natoa asubuhi kabla ya kazi, yeye anarudisha mchana kati ya kushona koti na koti, maana anashonea kiwanda hapo nyumbani, na jioni tunakula kimya kama wapangaji. Hansa akatuambia kwa Kiingereza chake kwamba hilo ni begi, si nyumba. Hakuna aliyecheka.

Champa hakuwa hivi zamani. Jinja tulikuwa na jirani, Sadrudin, mwenye duka la vitambaa, siku moja gari lilisimama wakamwita nje, akatoka na kandambili na fulana, akamwambia mkewe narudi sasa hivi, na mpaka leo hajarudi. Tangu hapo Champa amekuwa mgumu, hata nikienda kununua maziwa hapo kona lazima nivae koti na viatu vya kamba. Lakini hayo ni mengine, nisikuchoshe.

Zaidi ya hapo kuna nazi. Kwetu ukijulikana kuwa unakwenda kwa Mama kwa miguu, kila nyumba inakuletea nazi iliyofungwa uzi mwekundu umpelekee Mama kwa niaba yao, na nazi ya namna hiyo huikatai na huiweki chini ovyo. Mimi sikumwambia mtu. Champa alimwambia Geeta, jirani wa chini, na Geeta akaenda kununua bamia Kingsbury Road. Mpaka leo nimeletewa nazi kumi na moja. Kila mmoja anasema, "Bhai, kaka yangu, moja tu, itakuzidia nini?" Nilipeleka shanta dukani kwa Zulfikar muuza mboga tukalipima kwenye mizani ya viazi, likatoa ratili arobaini na sita. Zulfikar akasema, "Hili kodisha punda."

Na sasa nakiri dhambi. Nazi ya Geeta niliichukua nikaenda nayo kazini, nikaipasua kwa nyundo wakati wa chai, tukaila mimi na wenzangu wawili Waairishi, wakasema ni tamu. Nilitaka kupunguza mzigo kidogo. Tangu siku hiyo goti linauma zaidi, na Geeta kila tukipishana kwenye ngazi ananiuliza nazi yangu salama, nami nasema salama. Zimebaki kumi lakini Champa anadhani kumi na moja.

Kitu changu mimi mwenyewe humo ndani ni timazi ya marehemu baba, ya shaba, ile tunayotundika kwa uzi kupima ukuta kama umesimama. Tuliondoka Uganda bila kitu, lakini hiyo niliipitisha vizuizi vyote vitano ndani ya kopo la maziwa ya Hansa. Nataka niiguse miguuni pa Mama kisha nirudi nayo. Ina ratili mbili na nusu lakini hiyo haihesabiwi.

Bi Ummukulthum, nifanye nini? Nikimkatalia Champa nitaondoka nimemwacha na kinyongo, na hija ya kinyongo haina baraka. Nikimkubalia nitaanguka njiani. Mimi kazi yangu ni kubeba, nabeba siku sita kwa wiki, lakini huu umenishinda.

Mbeba Matofali, Neasden

MSHAURI ANAJIBU

Kaka yangu Mbeba Matofali,

Pole kwa goti, na pole kwa kimya cha mezani, maana hicho ndicho kizito kuliko vyote. Umeniomba nifiche jina lako, kisha ukanitajia mkeo, mwanao, jirani wa chini na muuza mboga. Nimeyabadilisha yote, usiwe na wasiwasi, lakini siku nyingine ukitaka siri usimtaje mwenye mizani.

Mimi ni Mwislamu wa Unguja, mambo ya Mama Ashapura si yangu kuyatolea fatwa. Lakini nadhiri naijua, na mizigo naijua, na kwa yale nisiyoyajua nimemuuliza shoga yangu Daksha, ambaye mama yake alikwenda huko kwa miguu mara mbili. Kwa hiyo sikiliza.

Nazi kwanza, maana ndiyo nyepesi. Daksha alicheka mpaka akashika mlango. Anasema mama yake hakubeba nazi ya mtu hata moja. Nazi zinauzwa mlangoni pa hekalu, mwendaji hununua moja akaitoa kwa jina la wote. Na hebu fikiri, kaka, hiyo nazi ya Kingsbury Road imetoka pwani ya mbali ikapanda meli ikaja London, na sasa unataka kuirudisha ng'ambo mgongoni. Waite majirani Jumamosi. Ombeni, zipasueni hapo hapo nyumbani kwako, mgawane. Nyinyi mnaita prasad, sisi tungesema tabaruku, chakula cha baraka. Zile nyuzi nyekundu zibaki kwako, nitakwambia za nini. Na kabla ya Jumamosi, teremka ngazi ukamwambie Geeta ukweli, kwa mdomo wako, na umwombe uzi mwingine mwekundu. Goti lako halikuumizwa na nazi yake. Limeumizwa na ngazi na matofali na miaka arobaini na tisa. Lakini kumdanganya mwanamke kila siku kwenye ngazi, hilo ni baya, na halistahili umri wako.

Sasa shanta. La jeshi, la turubai, mtumba! Limetengenezwa kwa kijana wa miaka ishirini anayepigiwa kelele. Lipime likiwa tupu utashangaa. Unaye mshonaji ndani ya nyumba, anashona makoti ya watu kutwa nzima, na hujamwomba akushonee mfuko. Mwombe. Nailoni ile ya bitana za koti, mikanda mipana ya mabegani, na mkanda wa kiunoni ili uzito ukae nyongani, usikae shingoni. Wewe utoe kipimo: usizidi upana wa mgongo wako na urefu wa mkono mmoja. Ndani yake, nguo moja ya kubadili, shuka moja ya kujifunika, soksi jozi tatu, kikombe, mafuta ya kuchua goti, chumvi kidogo, basi. Chakula Daksha anasema utalishwa mpaka ukimbie. Na usinunue viatu vipya. Vaa vile vya kazini ambavyo vimeshaujua mguu wako.

Nakuja kwa Champa, na hapa, kaka, nitakugombeza.

Umeandika habari ya Sadrudin kisha ukasema hayo ni mengine. Si mengine. Ndiyo barua yako yote. Mwanamke amemwona jirani akitoka mikono mitupu, kandambili miguuni, akisema narudi sasa hivi. Leo mume wake anamwonyesha shati mbili na kikombe cha bati na kumwambia naondoka, nitarudi. Unadhani anapakia blanketi kwa sababu hajui kuwa India kuna joto? Kila mchana anaweka kitu humo ili mtu wa kuondoka awe na sababu ya kurudi, na kila asubuhi wewe unakitoa. Na miguu yako aliiahidi yeye, usisahau hilo. Ukipotea njiani, atajua ni nani aliyekupeleka. Hukumwuliza kama analala. Mimi nakwambia halali.

Tena wewe unayemcheka una ratili mbili na nusu za shaba chini ya shanta, unasema hiyo haihesabiwi. Haihesabiwi na nani? Goti lako halijui kusoma kwamba hii ni ya baba na ile ni achari. Yeye ana blanketi lake, wewe una timazi yako, wote wawili mnapakia jambo lile lile, ila yeye hakuambiwa anafungua hoteli.

Basi fanya hivi. Leo jioni usiguse shanta. Kaa na Champa, zima redio, taja jina la Sadrudin. Sema tu, "Nimemkumbuka Sadrudin." Kisha nyamaza umwache aseme, hata akisema mpaka chai ipoe. Akimaliza, umwombe ashone mfuko, na zile nyuzi kumi na moja azishonee kwenye mkanda wa bega. Majirani wote watakwenda nawe na mizani ya Zulfikar haitawaona. Lile koti analokuvalisha ukienda kununua maziwa, livae siku ya kuondoka, ulifunge vifungo vyote, na viatu vya kamba, mpaka mlango wa ndege. Akuone unakwenda umevaa. Bombay utaliacha kwa jamaa.

Kila Jumapili mpaka Septemba, vaa mfuko uliojaa utembee kutoka Neasden mpaka Edgware Road na kurudi. Goti likilalamika, toa kitu. Akitoa Champa, vizuri zaidi. Mchukue awe anatembea nawe, Hansa naye, ajue kwa nini baba yake anakwenda, umsimulie kizuizi cha nne kwa lugha yoyote atakayoisikia.

Na timazi usiende nayo. Mama Ashapura aliiona ilipopita ndani ya kopo la maziwa, hana haja ya kuonyeshwa tena. Asubuhi ya safari, piga msumari juu ya mlango, upande wa ndani, uitundike mwenyewe mbele ya Champa. Mwambie hii niliipitisha mbele ya bunduki tano sikuiacha, na leo naiacha mkononi mwako. Hapo ndipo atakapokuacha uondoke na ratili zako kumi na tano, kwa sababu atajua, kaka, kwamba fundi hawezi kuondoka moja kwa moja akaiacha timazi ya baba yake ikining'inia kwenye mlango wa nyumba ya kupanga.