Aya Niliyoiruka

Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Mvua imepumzika lakini mlima haujafunguka. Tangu asubuhi Uluguru imejifunika wingu jeusi mpaka kwenye migomba ya chini, na huko juu bado kunanguruma.

Hili sijamwambia mtu, hata mama. Kile kitabu cha mota sikukielewa chote. Kuna aya niliiruka.

Ngoja nieleze vizuri. Mjomba ana boti ndogo ya kuvusha watu bwawani, kutoka ng'ambo kwenye mashamba mpaka huku kwetu, iliko barabara ya Morogoro mjini. Inatembea kwa injini ya petroli. Masika yaliyopita injini ilimzimikia katikati, upepo ukamsukuma kuelekea kwenye ukuta wa bwawa, pale maji yaliyozidi yanapomwagikia. Mvuvi mmoja akamvuta kwa kamba. Baada ya hapo akanunua mota ndogo ya umeme, ya mtumba, na betri yake, iwe ya akiba. Injini ikigoma, unashusha mota, unafika.

Kitabu chake ni cha Kiingereza, na mimi ndiye ninayesoma shule ya Kiingereza. Anayenisomesha ni yeye. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno juu yako. Basi siku ya kukisoma aliita watu wote wa pale ukingoni.

"Nyamazeni, mwalimu asome," alisema.

"Mwalimu mwenyewe sauti ya kifaranga," akadakia Mzee Mkude, mwenye kibanda cha samaki. Wakacheka.

Nikasoma, nikatafsiri. Nikafika kwenye aya ya taa za betri, maneno kama matatu siyajui. Ningesema tu kwamba hapa sijaelewa. Lakini macho yote yalikuwa kwangu, na Mjomba alikuwa ametabasamu vile. Nikasema: taa tatu zikiwaka betri imejaa, hakuna shaka.

Hilo la hakuna shaka niliongeza mwenyewe.

Tangu hapo kazi yangu kila jioni ni kuangalia taa. Huwa ni tatu. Kila siku ni tatu.

Wiki hii mwalimu wa fizikia alitufundisha betri, nikaikumbuka ile aya palepale darasani. Jana nikakirudia kitabu. Aya inasema taa zisomwe wakati mota inazunguka majini, kwa sababu betri iliyochoka, ikiwa imepumzika, huonyesha imejaa.

Nikaenda kujaribu peke yangu, boti ikiwa imefungwa kamba. Taa tatu. Nikawasha mota mpaka mwisho. Muda wa kuchota ndoo mbili tu, taa zikawa mbili, ikabaki moja, mota ikaguna ikanyamaza. Nikaizima, nikachomeka betri kwenye sola kama kawaida. Leo mchana nimeiangalia.

Tatu. Kijani safi kabisa.

Kesho binamu yangu Mwajuma, aliyewekwa ndani tangu avunje ungo, anatolewa uwali, na sherehe iko ng'ambo. Njia ya kuzunguka imekatwa na maji, kwa hiyo akina mama wanane watavuka na Mjomba, na ngoma zao. Mama yangu yumo. Na akina mama wakishapanda na ngoma hawakai kitako.

Leo mama alimuuliza, "Kaka, hiyo injini mbona siku hizi inakohoa?"

"Ikohoe. Umeme si upo? Muulize mwanao."

Mama akanigeukia. Nikaitikia kwa kichwa.

Makasia tuliyaacha zamani. Moja linashikilia banda la kuku, la pili sijui liko wapi. Bwawa limejaa mpaka kwenye majani, na nikiwa hapa chumbani nasikia maji yakimwagika pale ukutani. Siku nyingine huwa siyasikii.

Najua hatanipiga. Ninachoogopa ni kumwaibisha mbele ya watu aliowaita waje kunisikiliza. Nimeweka aibu yangu upande mmoja na akina mama wanane upande wa pili, na tangu asubuhi aibu ndiyo inashinda. Mimi ni mtu wa namna gani?

Mara tatu leo nimemfuata Mjomba nimwambie. Mara ya kwanza nikamuamkia shikamoo, mara ya pili nikamuuliza kama anataka chai. Mara ya tatu nikageukia njiani.

Mdomo wangu haufai. Mkono angalau unaandika.

Nasikia mabuti yake kwenye tope, sasa yuko barazani, anayakung'uta. "Mwalimu," anaita, "taa ngapi leo?"

Siku zote mtu akikaribia mlango nalisukuma hili daftari chini ya mto. Leo nimelisogeza upande wa mlangoni, aya zote zikitazama juu. Kiswahili anasoma vizuri tu.