Jicho la Mama Mdogo Kabula

Alhamisi. Bariadi, jua kali na vumbi tangu asubuhi.

Leo nimefundisha. Kidato cha Tatu, kemia. Nilitia matone ya haidroksidi ya sodiamu kwenye maji ya mrututu, yaani salfeti ya shaba, na mashapo ya buluu yakaganda kama uji. Wanafunzi walifurahi. Mimi nilikuwa naiangalia ile chupa ya haidroksidi tu.

Maana ndiyo hiyohiyo kostiki soda ya sabuni.

Wiki iliyopita mama mdogo Kabula alinipigia simu kutoka Shishiyu. Tangu afiwe na mume anatafuta cha kufanya, akataka kutengeneza sabuni za vipande auze mnadani. Kengele ya kipindi ilikuwa imelia. Nikamjibu nikitembea: "Changanya soda na maji, iache ipoe, ndipo utie mafuta." Nikakata.

Sikumwambia kipi kinatangulia.

Akaweka soda kwanza, akaimwagia maji kidogo. Haidroksidi hiyo ikikutana na maji hutoa joto kali. Maji yakiwa machache yanachemka papo hapo na kuruka. Yalimrukia jicho la kushoto. Binti yake Minza alimlaza chini akawa anamwagia maji safi, dumu baada ya dumu, mpaka gari la kumleta hospitali hapa Bariadi likapatikana. Daktari anasema bila hayo jicho lingepotea kabisa. Hata hivyo kioo cha jicho kimeungua. Ataona mwanga na vivuli, basi.

Baada ya vipindi nilikwenda wodini. "Mwadila, mayu," nilimwamkia kwa Kisukuma, nikakaa kando ya kitanda. Kisha nikasema, "Mama mdogo, kosa ni langu. Nilijua, sikukwambia."

Alinigeuzia jicho la kulia. Nilitamani anitukane.

"Wenzangu wawili wamenunua soda hiyohiyo," akasema. "Ilitakiwa iweje?"

"Maji kwanza, kwenye ndoo ya plastiki. Soda juu yake, kidogo kidogo. Usianze na soda kamwe."

"Jumapili baada ya ibada nenda ukawaambie wao. Na uwaambie mimi nilielekezwa na nani."

Nimekubali. Nimeshawapigia simu wasiiguse soda mpaka nifike.

Wanawake wale wananiita mwalimu na kunipisha kiti. Habari ya soda nitaieleza vizuri, najua. Sentensi ile nyingine, ya nani alimwelekeza, ndiyo siwezi kuimaliza hata nikiwa peke yangu chumbani.

Nitaweza kuitamka mbele yao?