Maua Katika Shamba la Mama

Mdogo wangu Mwanaidi,

Marahaba. Najua hujanisalimia, na huko Ulaya uliko sijui kama yupo mtu wa kumwambia shikamoo akakuelewa, lakini mimi naitikia hivyo hivyo. Kila asubuhi naitikia. Zamani wifi yako Zena alikuwa akiniuliza nazungumza na nani. Siku hizi ananiwekea uji tu na kwenda zake.

Karatasi hii ni ya kufungia nguo. Nimeiomba dukani kwa Banyani, ndiyo maana imekunjika hivi. Tangu vita vianze karatasi nzuri hazipatikani hapa Morogoro, na pale posta wanasema barua za Ulaya hazipokelewi, meli haziji wala haziendi. Kwa hiyo sijui hii itakufikia lini, na nimeamua nisiifunge. Atakayeiokota na aisome, na kama anajua ulipo, akufikishie. Nina mambo mawili ya kukuambia na yote mawili ni magumu. Nivumilie nianze na mengine kwanza.

Unakumbuka nilivyopeta mbegu?

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa kazi ya bustani kwa Bwana wa reli, katika ile nyumba ya mawe njia ya Kilakala, nawe ulikuwa umeingia siku chache tu kumlea mtoto wao. Bibi, mke wake, alikuwa amenipa pakiti ya mbegu kutoka kwao. Nikazipanda alivyonielekeza kwa kidole, zikaota, yakatoka maua mekundu, ya manjano, ya rangi ya chungwa, petali juu ya petali, shina gumu, na jua liwake namna gani hayasinyai. Wewe ukayaita askari, kwa sababu yalisimama kutwa nzima bila kuegemea kitu.

Yalipokauka Bibi akaniambia kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Chukua mbegu. Weka. Panda tena." Mimi mtu wa mlimani, niliyepeta mtama tangu nina meno ya utoto, nitashindwa na ua? Nikavifikicha vile vichwa, nikaazima ungo jikoni, nikasubiri upepo ushuke kutoka mlimani, nikapeta. Vyepesi vikaruka. Vilivyobaki vilikuwa vigumu vigumu, na nilipoviona nikasema hizi ndizo. Nikavipanda kwa mstari ulionyooka, nikamwagilia asubuhi na jioni wiki mbili. Yakaota magugu.

Ukaja na mtoto mgongoni, ukasimama kuniangalia ninavyohangaika.

"Kaka, hizo mbegu ulizifanyaje?"

Nikakuonyesha kwa mikono, kwa fahari kabisa. Ulicheka mpaka mtoto akaamka akalia, na huku unambembeleza bado unacheka. "Kaka, umepanda makapi! Mbegu umempelekea jirani!" Ukanivuta mkono hadi chini ya wigo, kule upepo ulikokuwa ukielekea. Zilikuwa zimeota huko, njiani, kwenye mfereji, hata penye nyufa za ngazi ya jikoni. Ukachukua kichwa kimoja kikavu, ukang'oa petali moja, ukanionyesha kitu kimeng'ang'ania chini yake, bapa, chembamba, cha rangi ya vumbi. "Hiki unachokiona takataka ndicho chenyewe."

Siku ile tulihamisha miche mpaka magoti yakauma. Wewe uliing'oa kwa kijiti na udongo wake, ukinikabidhi mmoja mmoja kiganjani kama unanipa yai. Bibi alipotoka barazani akakuta mistari imejaa, akanisifu mimi. Nikazipokea sifa nikanyamaza. Wewe ulinitazama tu, ukaingia ndani kubadilisha nepi. Jambo dogo, utasema. Mimi silioni dogo tena.

Halafu ile Ijumaa tuliyopanda mlima kwenda kwa mama, ukiwa na mbegu umezifunga kwenye ncha ya kanga. Mama akazimimina mkononi akazigeuza geuza.

"Yanaliwa haya?"

"Hayaliwi, mama."

"Yanatibu nini?"

"Hayatibu kitu, mama. Ya kutazama."

"Basi yapande kule, mbali na maharage yangu."

Ukayapanda kule juu ya kijito, kwenye kona ya shamba lake. Mwezi wa tatu tulipokuja tena, tulimkuta mama amesimama pale na jembe begani, hapalilii, hafanyi lolote. Alipotuona alianza kulima haraka haraka. Ulinifinya tusicheke.

Nikikumbuka hayo natamani ungekuwa hapa, Mwanaidi. Sijui niseme vipi zaidi. Nyumba ina watu na mimi nina mke ninayempenda, lakini hakuna mwingine aliyekuwa akinicheka vile.

Sasa nifike kwenye ile siku ya barazani. Kazi ya Bwana wa reli ilikuwa imekwisha hapa, wanarudi kwao, na Bibi akamwita mama ateremke mjini. Akasema mtoto hali wala halali bila wewe, anaomba akuchukue kwa masika mawili, kisha atakurudisha. Mama akasema, "Mimi sina neno. Kaka yake huyo hapo, muulizeni." Wote wakanigeukia. Bibi akanipa mkono. Hakuna Mzungu aliyewahi kunipa mkono, tena mbele ya mama, mbele ya mpishi. Akasema bustani yote itakuwa chini yangu, na yeyote atakayekuja kukaa katika nyumba ile atanikuta mimi ndiye mkuu wa bustani.

Nikasema ndiyo.

Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na mtoto. Sikukuuliza. Nilijua ningekuuliza ungesema hutaki, au ungesema unataka ili kunifurahisha, na sikuwa na hamu ya kujua ni lipi. Mama alishuka ngazi polepole bila kuniangalia.

Stesheni ulikuwa umevaa viatu kwa mara ya kwanza, unatembea kama mtu anayekanyaga miiba. Gari moshi lilipopiga honi ulifungua ncha ya kanga, ukanipa fundo la mbegu, ukasema, "Safari hii usipete." Nilicheka. Nililia baadaye, nikiwa njiani, nikawaambia watu ni moshi.

Barua moja tu ilikuja, ya mkono wa Bibi. Alisema u mzima, umeona mvua nyeupe, na mtoto anaita kila kitu kwa Kiswahili hadi babu yake anakasirika. Nilimsomea mama mara nyingi sana. Halafu vita.

Jambo la kwanza, basi. Nimelizunguka kurasa nzima. Mama ametutoka. Ni kifua, katika miezi ile ukungu hauondoki mlimani. Hakuumwa sana, siku tisa. Hakulia wala hakukulaumu, wala mimi hakunilaumu, na ni afadhali angenilaumu. Siku ya mwisho aliyozungumza vizuri alikuwa akiniuliza, "Meli ikiharibika njiani, watu hulala wapi?" Nikamwambia wanalala humo humo, mama, ina vitanda. Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Tumemzika karibu na bibi yetu mzaa mama.

Samahani, mdogo wangu. Samahani kwamba unalisoma hili kwenye karatasi ya dukani, huku hakuna mtu wa kukushika.

La pili linatokana na la kwanza. Wewe unalijua jambo hili, lakini kwa kuwa barua iko wazi na huenda ikasomwa na mtu wa mbali, nieleze. Kwetu Waluguru shamba ni la upande wa mama. Hutoka kwa mama likaenda kwa binti. Mimi mwanamume naweza kulima, lakini watoto wangu ni wa ukoo wa Zena, na nikifa sina wa kumwachia. Binti wa mama ni wewe peke yako. Baada ya arobaini, Mjomba Salehe, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, akaita wazee kuligawa shamba, kwa kuwa mwenyewe yuko ng'ambo na hajulikani kama yu hai.

Nikaona nikikubali hilo nitakuwa nimekuzika na wewe.

Wazee walipofika shambani maharage ya mama yalikuwa yameshavunwa. Kilichosimama ni yale maua yako pale konani, yalikuwa yamejiangusha na kuota yenyewe, yamekuwa mengi. Mimi nikayasimamia. Unajua desturi: shamba lenye mazao ya mtu haligawiwi mpaka mwenyewe avune.

"Haya ni nini?" Mjomba akauliza.

"Mazao ya Mwanaidi, mjomba. Aliyapanda mwenyewe, mama yu hai."

"Yanavunwa?"

"Yanavunwa. Mbegu."

Wazee walicheka mpaka wengine wakaketi. Mjomba hakucheka. Alilitazama shamba, akanitazama mimi, akasema, "Basi na avune kwanza." Nadhani alinihurumia.

Nikawa napanda mlima kila Ijumaa. Sikupanda mahindi, maana yangekuwa yangu, na yangu hayana uzito pale. Nilipanda maua yako. Kitalu kimoja kikikauka, kingine kinachanua, cha tatu kinachipua, ili wakija wakati wowote wakute mazao yako bado yamesimama. Nilikausha vichwa juu ya meko, nikatoa mbegu moja moja kwa kucha kama ulivyonifunza. Shamba la mama lote likawa jekundu na la manjano. Watu wa ng'ambo ya bonde walikuwa wakiniita Bwana Asiyekula. Bustani ya mjini sasa ni viazi vitamu, amri ya wakubwa wa jeshi walioingia katika ile nyumba, na mimi mkuu wa bustani ndiye niliyeing'oa. Kwa hiyo maua yalibaki kule juu tu, na mimi nilikuwa najidanganya kwamba maadamu yamesimama, nawe umesimama mahali.

Masika matatu nilifanya hivyo.

Binti wa mama mdogo, Tatu, unamkumbuka, yule uliyekaa mwali pamoja naye. Mumewe alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi na hajarudi. Shamba lake la bondeni lilisombwa na maji ya mvua, kimebaki kifusi cha mawe. Ana watoto watatu. Kama shamba la mama lingegawiwa, lingekuwa lake, kila mtu anajua. Hakuja kugombana. Ijumaa moja nilimkuta ameketi kando ya njia, anapumzika na mzigo wa kuni, watoto wamemzunguka. Nikaendelea kupalilia. Mtoto wake wa kati akachuma ua, akalitia mdomoni, akatafuna. Akalitema, akachuma la rangi nyingine, akajaribu na hilo.

"Usichume," Tatu akamwambia. "Ni ya mama yako mdogo, atayataka akirudi."

Hakusema kwa kunisuta, Mwanaidi. Alisema kweli kabisa.

Niliteremka siku ile bila kumaliza kazi. Zena aliniona akajua. Nilimwambia yote, naye, ambaye shamba lile halimhusu kwa ndewe wala sikio, akasema, "Mtoto akitafuna ua ana njaa. Na wifi angekuwapo angefanyaje?" Nikasema sijui. Nikasema huo ndio ugonjwa wangu, sijawahi kumuuliza.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda kwa Mjomba Salehe nikamwambia umevuna. Akauliza, "Mwanaidi amevuna?" "Amevuna, mjomba." Hakuniuliza lini wala kwa mkono gani. Nikapanda shambani na Zena tukayang'oa yote, yaliyokauka na yaliyokuwa yamechanua, mpaka ile kona ya kwanza. Tatu alikuja na jembe akasimama mbali, hakuthubutu kuingia mpaka nilipomwita. Mahindi yake sasa yanafika magotini.

Kwa hiyo hilo ndilo la pili. Shamba la mama si lako tena. Sikunyang'anywa, nimelitoa mimi. Mara mbili sasa nimesimama mbele ya watu nikasema ndiyo juu yako bila kukuuliza wewe. Ya kwanza ilikuwa kwa ajili ya sifa. Ya pili naamini ilikuwa haki, lakini nimelala nikiwaza na sioni kama haki hiyo inanipunguzia ile nyingine. Mbaya zaidi ni kwamba sasa huna cha kukurudisha. Huna mama, huna shamba. Una mimi tu, na mimi ndiye niliyekupeleka.

Na kama umekwishazoea huko, kama unacheka na watu wengine, sikulaumu. Lakini kama una hasira nami, ziweke. Usinisamehe kwa barua wala kwa mdomo wa mtu. Njoo nazo mwenyewe, hata iwe miaka kumi kutoka sasa, shuka hapo stesheni na viatu vyako, uniulize mbele ya watu wote ni nani aliyeniambia nikusemee. Nitakaa chini nikusikilize mpaka umalize. Sitakuwa na la kujibu, mdogo wangu, lakini nitakuwa nimeisikia sauti yako.

Ni mimi kaka yako, tuliyenyonya ziwa moja.