Nambari ya Gari la Juma Lililopita

Brussels, Jumapili alasiri

Baba mpendwa,

Salamu kwako na kwa wote wa nyumba yetu ya Katuba. Mguu wa Mama umepona? Mvua zimekwisha, au bado mnatega ndoo sebuleni? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia tangu Alhamisi, na nimeona nikuandikie wewe kabla ya kusema na mtu mwingine.

Dada Béatrice, najua ni wewe unayemsomea Baba, maana miwani yake hupotea kila barua inapofika. Nakusihi usome yote, usiruke hata mstari mmoja.

Baba, unajua kwamba hapa mtaa wa Jette mimi ni karani katika ofisi inayokodisha camping-car, yale magari makubwa yenye vitanda na jiko ndani. Wateja wetu wengi ni wastaafu. Kwa hiyo patron, mwenye ofisi, ameweka sheria: kabla sijatoa ufunguo, nasimama uani na dereva, namwomba asome nambari ya gari lililoegeshwa kwenye ukuta wa upande wa pili. Akisoma sawasawa, natia alama kwenye fomu na kuweka sahihi yangu. Ni kazi ya dakika moja.

Alhamisi walikuja Papa Antoine na Maman Godelieve. Ni Wabelgiji wazee. Papa alifundisha ufundi Likasi miaka mingi, na wote wawili wanasema Kiswahili cha kwetu bila taabu. Juma la kabla, walipokuja kuweka nafasi, Maman alisikia natoka Lubumbashi akanishika mashavu. Safari hii aliniletea sombe, kisamvu kama cha kwetu, katika bakuli lililofungwa kitambaa. Walikuwa wanakwenda kupiga kambi kwenye kisiwa kimoja cha pwani ya Ufaransa, walikokwenda zamani walipooana. Kisiwa hicho kina njia mbili: daraja, na barabara ya zamani inayokatiza mchanga wa bahari, ambayo maji huifunika mara mbili kwa siku.

"Daraja ni ya watalii," Papa Antoine alisema. "Siye tutapita chini, kama zamani."

Nikampeleka uani. Alisimama wima, mikono nyuma, akataja herufi na tarakimu zote bila kusita. Ilikuwa nambari kamili ya gari lililokuwa pale juma lililopita. Gari hilo liliondoka Jumatano. Lililokuwa ukutani lilikuwa jingine, hata rangi yake tofauti.

Niligeuka nikamtazama Maman. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Baba, ningesema nini? Mtu wa umri wako, anayeniita mutoto, mbele ya mke wake? Nikasema, "Vizuri sana, Papa." Nikatia alama, nikaweka sahihi. Nikampa na karatasi ya saa za maji kujaa na kupwa. Aliikunja bila kuitazama.

Ijumaa sombe niliirudisha kwenye friji. Niliogopa kwa ajili yao, na sitakuficha, niliogopa kwa ajili yangu pia. Kadi yangu ya ukaazi inategemea mkataba wa kazi, na mkataba unategemea sahihi kama ile. Nilishika simu mara nyingi nikairudisha.

Jana asubuhi nilipiga. Alipokea Maman, na nyuma yake nilisikia injini.

"Allô, mutoto! Tumekaribia. Bahari tunaiona!"

"Maman, Papa haoni."

Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mi najua. Ni miaka mbili sasa. Miye njo macho yake. Namuambia kushoto, namuambia simama. Na ile nambari ni miye nilimusomea juma lililopita."

"Na saa za maji?"

"Bon, karatasi iko mu mufuko yake. Anasema anajua maji ya huku."

Nakala nilikuwa nayo mezani. Zilibaki dakika ishirini njia ifungwe. Nikamwomba Maman amwambie asimamishe gari, kisha ampe simu.

"Weye karani, kuko nini?"

"Papa, nisamehe. Nambari uliyotaja uani ilikuwa ya gari la juma lililopita. Gari hilo halikuwepo. Huoni, Papa, na maji yanakaribia kufunika njia."

"Unasema na nani hivyo?"

"Nasema na wewe, Papa."

"Nilifundisha ba-papa yenu kukaza skrubu na tournevis, na leo weye njo utanifundisha barabara?"

Simu ikakatika.

Nilipiga tena, na tena. Hakuna aliyepokea. Nikapiga kambini, msichana wa mapokezi akasema hawajafika, na kwamba atawaarifu waokoaji wa pwani. Nikaitazama saa ya ukutani ikifika dakika iliyoandikwa kwenye nakala yangu, ikaipita. Mteja mmoja aliniuliza kama naumwa.

Baada ya saa nzima na zaidi, Maman akapiga. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Alizima moteur pale pale penye kibao cha barabara ya maji. Alors, akachomoa ufunguo, akauweka juu ya mapaja yangu."

Maman hakuwa ameshika usukani kwa miaka kumi na moja. Walipita darajani polepole kama maandamano ya Bikira Maria, magari yote ya nyuma yakipiga honi, na Papa akimwambia, "Acha wapige! Wana haraka ya kwenda wapi?"

"Na mimi amesemaje?"

"Anasema leo hakusamehe. Kesho atafikiri. Na bakuli yangu urudishe."

Leo ndiyo hiyo kesho, na simu bado kimya.

Jumatatu asubuhi nitaingia kwa patron na ile fomu, nimwambie sahihi ni yangu na alama ni ya uongo. Sijui kama nitatoka na kazi. Mwambie Mama aniombee. Msalimu mjomba Séraphin fundi wa redio, na shangazi Véro anayeuza vitumbua mbele ya shule.

Lakini sijamaliza, Baba. Nilipokuja likizo mwaka juzi, ulisoma somo la kwanza kanisani, sauti safi, bila kukosea neno. Baada ya Misa nilikwenda kufunga kitabu. Kilikuwa kimefunguliwa ukurasa wa sikukuu nyingine. Nikakumbuka Béatrice alivyokusomea somo lile Jumamosi nzima. Nje ya kanisa nilikushika mkono nikasema, "Vizuri sana, Baba." Kesho yake ukawasha pick-up ukaenda Kipushi, na mimi nikakaa kando yako, kimya, nimeshika mlango.

Huoni, Baba. Nakuomba umpe Béatrice ufunguo kabla hajakunja karatasi hii. Nikasirikie hata mwezi mzima.

Dada, kama atasema ufunguo umepotea pamoja na miwani, uko katika koti la kijivu, mfuko wa kushoto.

Mimi mwanao, ninayekuogopa na kukupenda,

Crispin