Masahihisho Kuhusu Masikio ya Baba

Baba,

Shikamoo. Nimeanza na salamu kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kwamba barua isiyo na salamu ni hati ya mashtaka. Hii ni hati ya mashtaka yenye salamu, na mshtakiwa ni mimi. Naiandika hadharani kwa kuwa nililokutendea nililitenda mbele ya watu.

Unaikumbuka ile seti ya sinema niliyokuletea kijijini Kaengesa mwaka uliofuata kifo cha mama: spika tano ndogo za plastiki na sabufa moja. Fundi Salumu, mwenye duka la redio sokoni Sumbawanga, alikuwa amehamishia kwenye flashi kanda ya kwaya yenu, kanda pekee ambayo mama anaimba peke yake, beti mbili, kabla wengine hawajampokea. Ulisikiliza hadi mwisho, koti mwilini, kisha ukasema, "Hii inafaa kwa bunduki. Mama yako yuko ndani ya ndoo."

Ulisema kweli. Seti za namna ile zimetengenezwa kwa ajili ya milipuko na magari yanayogongana. Nilitaka kununua nyingine ya bei kubwa, Salumu akanikataza. Alisema spika tatu za nyuma na katikati tuziweke kando, sabufa ibaki, na mahali pa zile mbili za mbele tufunge spika kubwa alizozitoa kwenye redio kuukuu. Seremala jirani yako akatengeneza masanduku mawili ya mbao za paini. Ndani nilijaza sufi ya mto wa mama. Sikukuomba ruhusa. Ulipouona mfuko wa mto umeanikwa mtupu kwenye kamba, uliuliza tu kama sufi ilitosha masanduku yote mawili.

Salumu alitaka kuja kufunga mwenyewe. Nilimwambia hiyo si kazi ya kumtoa mtu mjini. Basi akanielekeza: masanduku yakae mbali na ukuta, yalingane na masikio ya mzee akiwa amekaa. "Na waya, dada, angalia zisipishane." Kila moja ilikuwa na nyuzi mbili, nyeusi pande zote, hazina alama. Nikafanya kama ulivyotufundisha kwenye magunia ya ulezi, pale ulipokuwa ukifunga fundo kwenye kamba ya gunia la mbegu ili lisichanganywe na la kula. Nilifunga fundo kwenye uzi mmoja wa kila waya. Sanduku la kwanza nililiunganisha kabla ya chakula, la pili baada ya chakula.

Jumapili, misa ilipokwisha, alikuja katekista na akina mama wawili wa sauti ya kwanza. Nikawasha. Akina mama wakasema sasa hiyo ndiyo kwaya, mtu anasikia hata mate yakimezwa. Wewe ulikaa katikati. Ukageuza kichwa kushoto, ukageuza kulia, kisha ukanyanyua mkono kama ulivyozoea kuwasimamisha waimbaji.

"Zima. Hayupo."

Nikauliza nani.

"Mama yako. Kwenye vile vidogo alikuwa mbali, lakini alikuwepo. Hapa hana pa kusimama. Ni kama upande mmoja unavuta pumzi wakati mwenzake anatoa."

Katekista akasema labda ni flashi. Ukasema hapana, binti kuna mahali amekosea. Ukanigeukia: "Rudia."

Neno hilo uliniambia mara sita nikiwa na miaka kumi na moja, kwaya nzima ikitazama. Mara ya sita ukasema nina sauti ya debe, nikae pembeni, nishike daftari, niandike waliochelewa. Nikaandika waliochelewa. Hizo ndizo habari zangu za kwanza, na zote zilikuwa sahihi. Jibu la kukupa nililitunza tangu siku ile, na nilipolitoa sikupandisha sauti.

"Baba, spika ni nzima. Kilichokufa ni masikio yako. Waachie kwaya wanaosikia."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja alikiangalia kikombe chake. Wewe ulisema, "Inawezekana," ukaomba chai.

Nilitaka uumie. Kwamba ungeniamini, hilo sikulitegemea. Hukuwahi kumwamini mtu kuhusu sauti. Jumapili iliyofuata ulimkabidhi katekista funguo za kabati la vitabu vya nyimbo. Walipokusihi ubaki, uliwajibu kwamba binti yako ni mwandishi wa habari, hasemi jambo asilolihakikisha. Haya niliyasikia kwa katekista, kwenye msiba wako. Lakini kiti chako mbele ya seti iliyozimwa nilikiona kwa macho yangu kila nilipokuja, nawe umekikalia, mikono magotini. Sikuuliza. Ulipofariki nilikuwa Matai kwenye kikao cha halmashauri. Nilimaliza habari yangu kwanza, ndipo nikapanda gari.

Wiki iliyopita Salumu alikuja kutoa pole. Akaomba kuisikia kazi yake. Ubeti wa kwanza haukuisha.

"Dada, hizi zinapishana. Moja inavuta, mwenzake inasukuma."

Akaomba betri ya tochi, akaigusisha kwenye waya. Karatasi ya spika ya kushoto ikaruka nje. Ya kulia ikaingia ndani. Sanduku moja nililifunga fundo likiwa upande wa chanya, jingine fundo likiwa upande wa hasi. Nikageuza waya mwenyewe. Hata maji ya chai ya mgeni yalikuwa hayajachemka. Nikawasha tena, na mama akasimama katikati ya chumba, mahali pasipo na spika yoyote.

Salumu akasema mzee angefurahi. Nikamwambia mzee aliisikia kasoro hiyo siku ya kwanza, akaitaja karibu kwa maneno yaleyale aliyotumia yeye Salumu.

"Sasa mbona hukunipigia?"

Swali ni lake. Nakujibu wewe. Gazeti likikosea husahihisha, na masahihisho huwa mafupi. Haya hapa: masikio ya marehemu baba yangu, mwalimu wa kwaya, yalikuwa mazima. Taarifa kwamba yamekufa ilitolewa na mimi, bila kuhakikishwa, na wakati naitoa nilijua sijaihakikisha.

Nakala nimempa katekista awasomee kwaya. Nimemwambia asisubiri mtu. Waliochelewa awaandike, nitakwenda kuwasomea mwenyewe, nyumba kwa nyumba.

Kwaheri, Baba.

Binti yako,
mshika daftari