Tumba la Katikati

Mdogo wangu mpenzi Tone,

Pokea salamu zangu na za Baba, na za jirani yetu muuza mayai, ambaye kila akichungulia juu ya ukuta lazima akuulizie. Natumai u mzima, shemeji mzima, na watoto wanaendelea vizuri na masomo. Sisi huku hatujambo. Baba anakula, analala, anabishana na redio. Mimi kule kwenye chumba cha kufulia cha hospitali nimehamishiwa kwenye pasi kubwa ya mashuka, kwa hiyo mgongo umepumzika, sasa mikono ndiyo inayolia. Utashangaa kwa nini naandika na simu ipo. Kwenye simu wewe hucheka, na ukicheka mimi huishiwa maneno, nabaki kukuuliza kama mvua imenyesha. Haya ya leo yanataka mtu asicheke.

Nianze na mwaridi wako. Ulipouleta ule mche kwenye kopo mwaka juzi, ulisema ni aina fupi, haina makuu, inawafaa watu wenye kiwanja kiduchu kama chetu. Hukukosea. Uko pale pale kati ya mlango wa jikoni na ukuta, mahali ambapo nikitandaza shuka moja nimeifunika bustani yote. Umefika kiunoni mwangu na hapo umegoma. Umejikusanya vizuri, majani yanang'aa, na maua yake hayaji moja moja kama mawaridi ya dukani. Yanakuja kwa mashada, matumba sita saba kwenye kijiti kimoja, ya pinki iliyofifia ambayo jua likiipiga karibu iwe nyeupe. Ni mzuri. Nakiri ni mzuri, na kukiri kwenyewe kunaniuma.

Baba amerukwa na akili kwa ajili yake. Unakumbuka alivyokuwa na saa za watu, anaifungua saa kama daktari anayempasua mgonjwa? Basi ndivyo alivyo na huo mwaridi. Anavaa lenzi yake jichoni, anachukua kibano, anainama kutafuta vidukari, vile vidudu vinavyofyonza utomvu, chini ya majani. Na mimi amenifundisha, au niseme amenituma. Maji ni asubuhi, tena shinani, si juu ya majani, maana majani yakishinda na unyevu hupata madoa meusi. Samadi iwe imeoza sawasawa na isiguse shina. Shada likinyauka likatwe hadi kwenye jani lenye vijani vitano. Vidukari vinaoshwa kwa maji ya sabuni. Nani anabeba ndoo? Mimi. Nani amechomwa na miiba mpaka vidole vimekuwa kama kichujio cha chai? Mimi. Na mwaridi unaitwaje? Unaitwa Tone. Mzee akiamka, hata hajanipa habari za asubuhi, anauliza Tone ameamkaje. Siku moja nikamjibu kwamba Tone hajambo na ameshakunywa maji yake, ila anayeulizwa bado hajapata hata chai. Akacheka sana, akadhani natania.

Halafu kuna hizo picha. Shada likifunguka anavaa shati safi, ananipa simu nimpige akiwa kando yake, kisha anakutumia. Wewe unamrudishia sauti ukisema Baba ana mikono ya baraka. Sauti hiyo anairudia mpaka muuza mayai ameikariri. Iangalie picha vizuri, mdogo wangu. Mikono ya baraka iko mifukoni mwa suruali. Ile iliyobeba ndoo ndiyo iliyoshika simu, haionekani.

Nimekuonea gere tangu ulipozaliwa, usijifanye hujui. Lakini nilikuwa nimeizoea, kama mtu anavyozoea jino bovu kwa kutafunia upande wa pili. Ulipotuma tiketi ndipo jino likaamka. Ulisema Baba aje akae kwako moja kwa moja, kuna chumba cha chini kisicho na ngazi, hospitali iko karibu, bustani ni pana, na mwaridi ung'olewe na mizizi yake uje naye. Mimi ukaniomba nimwandae.

Nikamwandaa. Nilimwandaa kwa ukali, Tone. Nilimnunulia sanduku jipya, nikamrekebishia suruali zote, soksi nikazikunja jozi kwa jozi, sikutaka mtu aniangalie usoni akajua. Kila nikitoka kazini nilikuwa najiuliza nitakuwa nampikia nani. Baba hakusema ndiyo wala hapana. Alikuwa akipita kando ya lile sanduku, analitazama, anakwenda zake kwenye redio. Nikajiambia ni furaha imemfunga mdomo, na kijiba cha roho kikazidi kunikaba.

Sasa kuna jambo la mwaridi ambalo wewe hulijui, maana unaletewa maua yakiwa tayari. Katika kila shada, tumba la katikati ndilo kubwa na ndilo linalotangulia kukomaa. Baba hulinyofoa kwa kibano likiwa bado kama punje ya maharage. Alinieleza kwamba likiachwa hufunguka peke yake na kunyauka mapema, na wadogo zake wakija kufunguka wanalikuta limekauka katikati yao, shada zima linaharibika. Likitolewa, wote waliobaki wanafunguka kwa pamoja, wanapendeza. Na kila akilinyofoa ananitilia mkononi nikalitupe. Mwaka mzima nimekuwa nikitupa vifungua mimba vya waridi, najikaza, sisemi.

Wiki iliyopita nikasema. Alikuja na kibano chake, nikasimama mbele ya mwaridi na ndoo yangu, nikamwambia hili halitoki. Alidhani ni mzaha. Alipoona sihami akarudi ndani. Tumba likafunguka, likawa ua kubwa kuliko yote niliyowahi kuona pale, na mimi kwa siku chache nikawa natembea uwanjani kwa madaha kama mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi. Kisha likabadilika rangi likawa kama majani ya chai yaliyokwisha chujwa. Wadogo zake wakafunguka kulizunguka, na shada likaonekana vilevile alivyosema Baba. Hakunicheka. Alikuja taratibu aliondoe lile kavu tu, nami nikamwambia akiligusa tutakosana.

Hapo yote yakanitoka. Nilimuuliza kwa nini siku zote lazima aondolewe mkubwa ndipo wadogo wapate nafasi. Nikamwambia mimi ndiye niliyebaki hapa, mimi ndiye niliyemuuguza Mama, mimi najua dawa zake na saa zake na jinsi anavyotaka mayai yake, na mwisho wa yote hata jina langu halikutosha kupewa mti. Na sasa na yeye anakwenda kwako. Nilipaza sauti mpaka muuza mayai akafunga dirisha, na yule mama hafungi dirisha kwa jambo dogo.

Baba akaigeuza ndoo, akaikalia. Akasema yeye ananyofoa ua, hajawahi kumnyofoa mtoto. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama sikutaka aondoke ni nani aliyemfungia mzigo. Akasema tangu tiketi ifike alikuwa anangoja nimwambie abaki, hata kwa utani. Badala yake akaona sanduku, akaona suruali zimepigwa pasi, akaona hata soksi, akajua nimemchoka ila naona haya kusema. Wewe ulimwita, mimi sikumzuia. Akaniuliza angeng'ang'ania vipi katika nyumba ambayo binti yake mwenyewe amemkunjia nguo.

Nilimwomba abaki. Nililia kwa kwikwi nikiwa na sare ya kazi, pua inanitiririka, mtu mzima mwenye mvi. Akanisubiri nimalize, akasema sawa, atabaki, na kama hakuna neno jingine basi angependa chai.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Baba ameniagiza nikuandikie kwamba ni magoti, kwamba daktari amemkataza safari ndefu. Hataki roho ikuume. Ukimpigia atakwambia hivyo hivyo, na nakuomba umkubalie, kwa sababu ameukamia uongo huo kwelikweli. Simu ikilia tu anaanza kuchechemea. Lakini magoti yake hayana kitu, jana alipanda juu ya paa kurekebisha antena. Si magoti, Tone. Ni mimi. Na sikumwomba abaki kwa faida yake. Najua kwako kuna hospitali karibu na wajukuu wa kumpandia mapajani, najua huenda huko angepata raha zaidi, na nilimwomba hivyo hivyo. Nilimwomba kwa sababu ulikuwa unamchukua wewe. Tiketi nimeiweka humu ndani uirudishe.

Msalimie sana shemeji, uwabusu watoto. Usinijibu kwa ule upole wako wa kusema dada usijali, utanimaliza. Kama una hasira, niletee hasira. Na kama jioni hii utajikuta umekaa kwenye hicho chumba cha chini ulichokwisha kitandika, roho inakusokota kwa kuwa mimi ninaye na wewe huna, usijikaze. Mimi nimekaa na hali hiyo peke yangu miaka yote hii. Karibu.

Ni mimi dada yako,
Mkubwa