Vifaranga Kumi na Wawili wa Mama

Kwa dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na shemeji, bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Sisi huku tunapumua, na kuhusu uzima wetu leo sitasema zaidi ya hapo. Barua yako nimeipata, ile ya kusema utafika siku mbili kabla ya sikukuu umchukue mama akaishi kwenu moja kwa moja. Niliisoma nikiwa kazini, juu ya ngazi, nyaya mkononi. Nilishuka nikaketi sakafuni. Nawe keti kwanza.

Unakumbuka tulivyokubaliana kwamba mwaka huu nyama ya sikukuu isitoke dukani, mama afuge bata mzinga mwenyewe, apate cha kumchangamsha. Nikamletea vifaranga kumi na wawili. Dada, kifaranga wa bata mzinga ni mjinga kupita maelezo: anaweza kufa njaa huku amesimama juu ya chakula. Mama aliwashika mmoja mmoja, akawachovya midomo kwenye maji, akagonga sahani kwa kidole mpaka wakajua kudonoa. Aliwapa majina yetu ya utani ya utotoni, na yule mwenye kelele kuliko wote akampa lako. Sijamwona akicheka vile tangu baba atutoke.

Walipofikisha wiki saba, boksi walimokuwa wakilelewa likawa dogo. Mama alitaka wahamie stoo, lakini stoo ilijaa makorokoro ya baba, basi nikawaingiza kwenye banda la kuku. Aliuliza kama kuku hawatawadhuru, nikamtoa wasiwasi. Baada ya wiki tatu mmoja alinywea, mabawa yakamning'inia, akawa anaharisha njano. Ndani ya siku tisa wote wakaisha. Mwenye jina lako alimfia mama mapajani. Lakini kuku waliendelea kupekua uani, wazima kabisa.

Ni kweli mama alikuwa ameanza kusahausahau. Miwani tuliikuta kwenye kopo la sukari, ukacheka kwenye simu halafu ukaacha kucheka. Kwa hiyo nilipokuandikia kwamba aliwanywesha bata maji ya ndoo ya sabuni, hukuuliza mara mbili. Hata yeye hakuuliza. Nilimwambia nimeikuta ndoo bandani, akabaki anaitazama mikono yake. Tangu siku hiyo hapiki, anasema ataua mtu. Funguo za nyumba kanikabidhi. Kila kikombe cha chai ananiuliza kama nimekitengeneza mimi au yeye.

Dada, hapakuwa na ndoo. Siku niliyochukua vifaranga, daktari wa mifugo alinionya, akarudia, nisiwaweke kamwe na kuku, maana kuku hubeba ugonjwa ambao wao hauwasumbui ila bata mzinga unawamaliza. Nikaitikia ndiyo daktari, ndiyo daktari. Stoo ningeisafisha kwa asubuhi moja tu. Niliona uvivu. Walipoanza kufa nikauogopa ulimi wako, kwa sababu kila ninachoshika mnasema nakiharibu. Nikatafuta wa kumtwisha, na mama alikuwa karibu. Najichukia, dada. Kama unaweza, usimchukue. Hakuua kitu.

Jana nilimpigia magoti nikamweleza yote, tangu onyo la daktari mpaka ndoo. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akanifuta machozi kwa upindo wa nguo yake, akasema anashukuru kuzaa mtoto anayekubali kujisingizia ili mama yake asiaibike. Nilimwapia. Akanibembeleza ninyamaze, akaniomba nimshushie sanduku lake kutoka juu ya kabati. Ameshapanga nguo, na kila nikizitoa anazirudisha.

Nisalimie shemeji na watoto. Mama naye anawasalimu sana, na amenituma niwaambie wasiogope, akifika kwenu hatagusa chakula cha mtu.

Ni mimi,
mdogo wako wa mwisho